Asiyeona Arekodi Skrini Yake Mwenyewe

Ipo kauli inayoanza kwa huruma. Ukisema kwamba huoni na kwamba unataka kurekodi skrini ya kompyuta yako, utaambiwa kwa upole kwamba hiyo si kazi yako. Picha ni za wenye macho, wewe sauti inakutosha, na kama programu ina tatizo, tafuta mtu anayeona akuandikie malalamiko. Hapa Guangzhou nimeisikia kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi wa kompyuta na kutoka kwa mawakala wa mizigo wa mtaa wa Xiaobei. Linaloniuma zaidi ni kwamba nimeisikia pia kutoka kwa wasioona wenzangu wa Afrika Mashariki. Mzee mmoja mfanyabiashara, mwenyeji wa Tanga, aliniuliza bila ubaya wowote: "Mwanangu, unarekodi kitu usichokiona, utamwonyesha nani?"

Swali lake ni halali na lina jibu. Nitamwonyesha mwenye macho, kwa sababu katika jambo hili yeye ndiye asiyejua. Ndani ya rekodi ya skrini iliyofanywa na asiyeona, picha anayoiona mhandisi na sauti ninayoisikia mimi hukaa pamoja, sekunde kwa sekunde, katika faili moja. Sijapata mahali pengine zinapokutana. Kwa hiyo anayetushauri tuachane na kurekodi hatupunguzii mzigo. Anatunyang'anya ushahidi, na asiye na ushahidi hubaki na malalamiko matupu.

Wengi wanaoitetea kauli hii hawajui kompyuta ya asiyeona inavyofanya kazi. Hudhani kwamba kisoma-skrini hutazama skrini na kusoma kilichopo, kama mjukuu anayemsomea babu yake gazeti. Sivyo. Programu kama NVDA au JAWS, katika kazi yake ya kila siku, haitazami picha. Huiuliza programu nyingine: hapa mtumiaji alipo pana nini? Ni kitufe au ni kisanduku cha kuandikia? Kinaitwaje? Kimewashwa au kimezimwa? Majibu hupita kwenye njia maalumu iliyomo ndani ya mfumo wa kompyuta, na kwenye Windows njia hiyo ilianza kutumika 1997. Mtengenezaji akiandika jina la kitufe kwenye njia hiyo, nitalisikia. Akichora mshale wa kijani na asiandike kitu, mwenye macho ataona mshale wa kijani na mimi nitasikia neno "kitufe", basi.

Maana yake ni kwamba kila programu ina nyuso mbili, uso unaochorwa na uso unaotajwa, na hakuna kinachozifanya zilingane isipokuwa uangalifu wa aliyeitengeneza. Mhandisi anauona uso wa kwanza tu. Mimi nausikia wa pili tu. Ugomvi wetu wote huzaliwa hapo: yeye anasema kitufe kipo, mimi nasema hakipo, na sote wawili tunasema kweli. Ugomvi wa namna hiyo haumalizwi kwa barua pepe, hata ziwe ndefu kiasi gani. Humalizwa kwa kuziweka nyuso hizo mbili pamoja mbele ya mtu mmoja.

Mji huu unalifanya jambo hili kuwa zito kuliko linavyoonekana ukiwa mbali. Guangzhou ndipo ilipotengenezwa programu ya ujumbe ya WeChat, na timu iliyoongozwa na Zhang Xiaolong, ikatolewa Januari 2011. Wafanyabiashara wetu wanaokuja kwa Maonesho ya Canton, yaliyoanza 1957 na ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka, na wale wanaoishi hapa miaka nenda miaka rudi karibu na jengo la Tianxiu, wanajua kwamba biashara imehamia kwenye skrini. Bei huja kwa ujumbe. Malipo hupita kwenye msimbo wa QR. Mzigo hufuatiliwa kwenye ukurasa wa wakala. Kuingia kwenye programu ya kompyuta mara nyingi kunakutaka uelekeze kamera ya simu kwenye msimbo uliochorwa kwenye skrini. Kuthibitisha kwamba wewe ni binadamu kunakutaka uburute kipande cha picha mpaka kizibe pengo lake. Kwa mwenye macho hayo ni mambo ya kufumba na kufumbua. Kwa asiyeona kazi huishia hapo, na hakuna sauti inayomwambia kwamba imeishia hapo. Anabonyeza, anasubiri, anabonyeza tena, na mwisho anajilaumu mwenyewe kwamba hajui kompyuta.

Sheria zipo. Desemba 2020 Wizara ya Viwanda na Teknolojia ya Habari ya China ilitangaza mpango wa kurekebisha huduma za intaneti ili wazee na watu wenye ulemavu waweze kuzitumia, ikianza na tovuti 115 na programu 43. Tarehe 1 Septemba 2023 ilianza kutumika sheria ya nchi nzima ya kujenga mazingira yasiyo na vizuizi. Sheria hiyo inazitaka tovuti na programu zilizojengwa kwa fedha za umma zifikie viwango hatua kwa hatua, inazihimiza huduma za habari, mawasiliano na ununuzi zifanye vivyo hivyo, na inaziruhusu ofisi za waendesha mashtaka kufungua kesi kwa maslahi ya umma. Kwetu, Kenya, Tanzania na Uganda zote zimeridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ambao kifungu chake cha 9 kinaitaja teknolojia ya habari waziwazi. Lakini sheria hailalamiki yenyewe. Inangoja mtu aje aseme: nilizuiwa hapa, saa hii, kwa namna hii. Wanaotuambia tusirekodi wanatutaka tuingie kwenye ofisi hizo mikono mitupu.

Nichukue mfano mmoja ninaoujua vizuri: fomu ya wakala wa mizigo ambaye sitamtaja jina. Ni fomu ya kawaida kabisa. Unaandika jina la mpokeaji, unachagua bandari, Mombasa au Dar es Salaam, unajaza idadi ya katoni, uzito na CBM (ujazo wa mzigo), unapakia picha ya ankara, unatuma. Nilipoifungua nilisikia kisanduku cha kuandikia, tupu. Kisanduku cha kuandikia, tupu. Kisanduku cha kuandikia, tupu. Maelezo yaliyokuwa juu ya visanduku yalikuwa ya Kichina, lakini ukurasa ulijitangaza ndani kwa ndani kuwa wa Kiingereza, na sauti ya Kiingereza ya eSpeak, sauti ya kompyuta ninayoitumia kwenye NVDA, ikikutana na maandishi kama hayo hutaja tu kwamba hapa pana herufi ya Kichina, kisha tena herufi ya Kichina, kisha tena, bila kusema ni ipi. Mwishoni, pale ambapo kila fomu huwa na kitufe cha kutuma, hapakuwa na kitu.

Niliandika barua pepe. Nikajibiwa kwa heshima kwamba fomu imejaribiwa na inafanya kazi. Rafiki anayeona alikaa kwenye kiti changu, akashika mausi, akaijaza yote kabla sijamaliza kumweleza shida. "Mbona iko sawa, kaka?" aliniambia. Na kwake ilikuwa sawa kweli.

Ndipo nikarekodi. Nilifungua akaunti ya pili ya Windows niliyoitenga kwa kazi hiyo, isiyo na kitu ndani yake zaidi ya kivinjari na zana za kurekodi. Nilizima pazia la skrini, lile ambalo NVDA inalo tangu toleo la 2019.3, linaloifanya skrini iwe nyeusi ili jirani asichungulie. Wengi wetu huliacha limewashwa siku zote, na anayelisahau anaweza kupata video nyeusi tupu. Nikawasha mraba wa kuangazia, ambao huchora mstari kuzunguka kila mahali ninapofika kwa kibodi. Nikafungua dirisha linaloandika kila neno linalotamkwa na NVDA, ili mtu asiyezoea sauti yake aweze kulisoma. Kisha nikaanzisha programu ya kurekodi ya OBS kwa vitufe vya kibodi nilivyovipangia mwenyewe, nikaijaza fomu taratibu huku nikieleza kwa maikrofoni ninachojaribu kufanya.

Kwenye rekodi hiyo mhandisi anauona mraba ukitua juu ya kisanduku ambacho kimeandikwa, kwa Kichina kinachosomeka vizuri, "uzito", na papo hapo anasoma kwenye dirisha la pembeni kwamba mimi nimeambiwa ni kisanduku kisicho na jina. Mraba unahamia kwenye CBM: jina hakuna. Nabonyeza Tab mara moja zaidi, na mraba unakipita kitufe kikubwa cha kutuma kana kwamba hakipo, unatua kwenye tangazo lililo chini ya ukurasa. Hapo hapahitaji mkalimani. Jibu lililofuata halikusema tena kwamba fomu inafanya kazi. Liliuliza ni toleo gani la kivinjari nililotumia, na baadaye visanduku vikapata majina, na kitufe cha kutuma kikaanza kufikika kwa kibodi. Sehemu ya kupakia picha ya ankara ingali kimya, nami kila ninapowaandikia nawarudisha kwenye dakika na sekunde ileile ya rekodi. Hilo ndilo jambo ambalo barua zangu za mwanzo hazikuweza kufanya.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili moja baada ya nyingine, maana baadhi yake si za kipuuzi.

Ya kwanza inasema kwamba asiyeona hawezi kuhakiki alichorekodi. Anaweza. Faili likishafungwa nalifungua, nasikiliza kama sauti zote zimeingia, naisimamisha video mahali ninapotaka, kisha namwamuru NVDA asome maandishi yaliyo ndani ya picha, uwezo ambao anao kupitia Windows tangu 2017. Lugha ya Kichina ikiwa imewekwa kwenye kompyuta, Kichina nacho kinasomwa. Nikitaka uhakika zaidi natoa picha moja ya video na kuipeleka kwenye Be My Eyes, huduma iliyoanzia Denmark mwaka 2015, ambako mtu wa kujitolea anayeona, au siku hizi mashine, ataniambia kilichopo. Wenye macho nao hukosea. Kila siku kuna anayerekodi somo zima bila sauti na asigundue mpaka ameshalituma. Sijasikia akishauriwa aache kurekodi kwa sababu masikio yake hayakumsaidia. Huambiwa ajaribu tena na safari hii akague maikrofoni. Uvumilivu huohuo ndio tunaoudai.

Ya pili ni ile ya msaidizi: mwenye macho akurekodie. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hapa msemo huu unakuwa kweli tupu. Anayeona akikaa kwenye kompyuta hutumia mausi na macho yake. Haendi kwa Tab. Hasikii mpangilio wa vitu kama ulivyoandikwa ndani ya programu. Huenda moja kwa moja kwenye kitufe chenye rangi, anakibonyeza, na kosa halionekani kwenye rekodi yake kwa sababu yeye hakulipitia. Rekodi yake ni ya kweli, ila ni ya safari yake. Ukiituma kwa mhandisi umempa ushahidi dhidi yako mwenyewe.

Na nyuma ya hoja hiyo ya msaidizi kuna mazoea ya siku nyingi ambayo lazima yatajwe. Guangzhou, kama miji mingine ya China, ukisema mtu haoni, mawazo ya wengi hukimbilia kwenye vyumba vya kukanda mwili, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ambayo wasioona wamefunzwa kwa miongo mingi. Kwetu mawazo hukimbilia kwa opereta wa simu za ofisini, mwimbaji, au mwombaji wa barabarani. Sizidharau kazi za mikono wala za sauti. Zimesomesha watoto na kujenga nyumba. Ninachokataa ni ile hesabu ya kimyakimya kwamba asiyeona ni mtu wa kupokea: kupokea msaada, kupokea maelezo, kupokea programu jinsi ilivyo. Kurekodi skrini kunaivuruga hesabu hiyo. Anayerekodi anatoa. Anamfundisha aliyetengeneza programu kitu ambacho hakukijua kuhusu kazi yake mwenyewe.

Hoja ya tatu inasema sauti peke yake inatosha, au maandishi. Mpe mhandisi wa Guangzhou rekodi ya sauti ya eSpeak ikizungumza kwa mwendo ninaoutumia mimi, naye hatashika hata neno moja. Mpe maandishi yanayosema kisanduku cha tatu hakina jina, naye atahesabu kisanduku cha tatu kwa macho yake, kutoka kushoto kwenda kulia, wakati mimi nimehesabu kwa mpangilio wa ndani ya programu, na hivyo atakagua kisanduku kingine na kukikuta salama. Tena maandishi hayabebi muda. Nikiandika kwamba programu ilikaa kimya baada ya kubonyeza, hilo ni neno tu. Kwenye video anaona duara la kusubiri likizunguka mbele ya macho yake huku upande wangu hakuna sauti yoyote, na anatambua kwamba kwa muda wote huo mimi sikujua kama kompyuta inafanya kazi au imekwama.

Hoja ya nne ni ya wapenda mitambo. Wanasema siku hizi zipo programu zinazokagua tovuti zenyewe na kutoa orodha ya makosa, basi ushuhuda wa mtumiaji ni wa nini? Wakaguzi hao wana manufaa, na sijasema wasitumike. Lakini mkaguzi wa mashine hujua kama kitufe kina jina; hajui kama jina hilo ni la kweli. Kitufe kilichopewa jina "kitufe1" kinapita ukaguzi. Picha ya mkataba iliyopewa maelezo "picha" inapita. Ukurasa unaokutaka upite viungo vya matangazo lukuki kabla ya kufikia bei unaweza kupita nao. Mashine inakagua kama sharti limetimizwa. Mtumiaji anaonyesha kama kazi imewezekana, na kazi ndiyo iliyomleta.

Nimeiacha ya tano mwisho kwa sababu ndiyo yenye uzito kuliko zote: faragha. Asiyeona anaporekodi skrini hajui kila kilichotokeza juu yake. Huenda arifa ikaibuka pembeni ikiwa na ujumbe wa mteja, au salio la benki, au faili lenye pasipoti na viza likawa limekaa wazi nyuma ya dirisha. Kwa mgeni anayeishi China, nakala ya pasipoti iliyovuja si jambo dogo. Anayeitaja hatari hii anasema kweli, na mwalimu anayefundisha kurekodi bila kuieleza amekosea.

Lakini hatari hii ina dawa, na dawa yake inafundishika. Akaunti ya pili ya kompyuta, isiyo na faili wala mazungumzo ya mtu, inaondoa sehemu kubwa ya tatizo kabla halijaanza. Arifa zizimwe. OBS inaweza kuambiwa irekodi dirisha moja tu badala ya skrini nzima. Utaupoteza mraba wa kuangazia, lakini kwa kazi yenye siri hiyo ni bei ya kulipa. Ipo pia njia ya mkato ndani ya Windows yenyewe, kitufe cha Windows pamoja na Alt na R, ambayo hurekodi programu uliyomo bila kugusa eneo-kazi. Neno la siri liandikwe kabla ya kuanza kurekodi. Faili likaguliwe kabla ya kutumwa. Na wale wanaoitumia hoja ya faragha ili kumrudisha asiyeona kwa msaidizi wajiulize swali moja: huyo msaidizi, akikaa kwenye kiti changu, haoni nini? Anaiona pasipoti, anaiona bei niliyopewa na kiwanda, anayaona mazungumzo yangu na mke wangu. Siri yangu iko salama zaidi mikononi mwangu.

Historia nayo iko upande wetu. Mwaka 1999, Bruce Maguire, Mwaustralia asiyeona, aliwashtaki waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya Sydney mbele ya tume ya haki za binadamu ya nchi yake kwa sababu tovuti ya michezo haikusomeka kwa vifaa vyake. Waandaaji walijitetea kwamba kuirekebisha kungegharimu zaidi ya dola milioni 2 za Australia. Mashahidi wa Maguire wakasema ni kazi ya wiki chache. Agosti 2000 tume ilimpa ushindi, na baadaye ikaamuru alipwe dola 20,000. Mvutano wote ule ulihusu jambo ambalo upande mmoja uliliishi na upande wa pili ulilikadiria tu. Na mwaka 2006, nchini humohumo, kijana asiyeona, Michael Curran, alianza kuijenga NVDA, kisha akajiunga naye James Teh, asiyeona pia, wakaitoa bure, kwa sababu visoma-skrini vya wakati ule viliuzwa kwa bei ambayo wengi hawakuimudu. Programu inayonisomea skrini imetungwa na watu wasioiona skrini. Baada ya hapo, ni kwa msingi gani mtu atasema kwamba kurekodi skrini hiyohiyo kumetushinda?

Tena ushahidi ni nusu tu ya faida. Nusu ya pili ni elimu, na hapo ndipo Afrika Mashariki inapopoteza zaidi. Tuna shule za muda mrefu: Thika, Kenya, tangu 1946, Buigiri, Dodoma, tangu 1950. Kenya ina pia shirika la inABLE, lililoanzishwa na Irene Mbari-Kirika mwaka 2009, linalopeleka kompyuta kwenye shule za wasioona. Lakini watoto wengi wasioona wako kwenye shule za kawaida, na walimu wanaoona ambao hawajawahi kusikia kisoma-skrini kikizungumza. Masomo mengi yaliyorekodiwa kuhusu NVDA ni ya Kiingereza, ingawa eSpeak ina sauti ya Kiswahili na haigharimu hata senti moja. Somo lililorekodiwa na asiyeona, kwa Kiswahili, lenye picha na sauti pamoja, linamfaa mwanafunzi anayesikiliza na linamfaa mwalimu anayetazama. Mwalimu anauona mraba ukitembea, anasikia kinachotamkwa, na kwa mara ya kwanza anaelewa mwanafunzi wake anafanya nini pale anapobonyeza vitufe harakaharaka bila kugusa mausi. Somo la sauti tupu lingemwacha nje mwalimu. Video ya mwenye macho anayebonyeza kwa mausi ingemwacha nje mwanafunzi. Rekodi yetu inawaweka darasa moja.

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na kila moja lina mwenye nalo.

Makampuni ya Guangzhou na mawakala wanaotuhudumia wafungue mlango wa kupokea rekodi za video kutoka kwa watumiaji wasioona, na waziweke mbele ya mhandisi mwenyewe badala ya kuziachia dawati la huduma kwa wateja linalojibu kwamba kila kitu kiko sawa. Gharama yake ni anwani moja na mtu mmoja wa kutazama.

Watengenezaji wa zana za kurekodi waache kudhani kwamba anayerekodi anaona. Zana inayokutaka uchore eneo la kurekodi kwa kuburuta mausi imetufungia nje kabla hatujaanza. Kuanza, kusitisha na kumaliza kuwe na vitufe vya kibodi, kila hatua iwe na mlio wake, na zana itaje kwa maneno inarekodi dirisha gani.

Na sisi wenyewe tusioona, wa Xiaobei, wa Kariakoo, wa Nairobi na kwingineko, tuache kuomba radhi kwa kuishika kamera. Tujifunze vitufe vyake, tujifunze tahadhari zake, tuwafundishe wanaotufuata. Programu ikikataa kusema nawe, usimwite mtu aje akushuhudie. Rekodi, taja tarehe, taja toleo, tuma, hifadhi nakala, na wakijibu kwamba hakuna tatizo, watajie dakika na sekunde.